Jeep yenye rangi mbichi

Jana fundi alifungua kopo la mafuta ya freni, yaani breki, mbele yangu, na harufu yake ikanirudisha Butembo, kwenye garage ya baba, wakati wa vita.

Askari wawili walileta jeep iliyopakwa rangi mpya; magurudumu yalikuwa yanajishika yenyewe. Mimi, binti yake, nilikaa kwenye usukani kama kawaida. Baba akalala chini na kufungua vis ya gurudumu, ile skrubu ndogo ya kutolea mafuta ya freni.

"Kanyaga. Shika. Achia."

Mafuta yalitoka meusi. Ndani ya chupa yakajigawa: mtu alikuwa amechanganya mafuta ya moteri, yale ya injini. Baba aliyatazama sana. Karibu na pedali nikaona kitabu cha nyimbo cha pasta wetu, chenye jalada alilolishona mama. Pasta hangeruhusu mtu mwingine kutia mafuta kwenye jeep yake hii, ila baba.

"Fundi, hii motoka unaijuaka?" askari mmoja akauliza.

Baba alikuwa shemasi, na uongo mdogo tu alitupigia fimbo.

"Hapana, chef. Njo mara ya kwanza ninaiona."

Kisha akaniambia, kwa sauti ndogo: "Kanyaga. Shika."

Nikashika, nikaondoa macho kwenye kitabu. Nilingoja aseme achia.