Sufuria sikuosha, na leo nimesifiwa

Musibishe, someni kwanza.

Yaya Zaina, dada yangu anayesomea kemia, iko hapa Kasongo kwa likizo. Maji ya kisima chetu ni magumu, sabuni haitoi povu. Basi anatengeneza unga wa kuyalainisha, unaitwa zeoliti. Anachanganya udongo mweupe uliochomwa, maji na soda kali ya sabuni. Unafunika, unaacha ku moto mudogo bila kukoroga, mpaka ule uji ugeuke fuwele, chembe ndogo ndogo kama za chumvi, zitulie chini.

Jana, kisha kutoa unga wa kwanza, aliniambia, "Saidi, osha sufuria vizuri. Ukiniharibia, hutagusa tena vyombo vyangu."

Mimi nikaimwagia maji tu. Kulikuwa na mechi!

Leo asubuhi akapika tena mu ile sufuria, saa sita anafunua. Uji hakuna! Maji yako juu, unga umelala chini. Mara ya kwanza tulingoja mpaka jioni.

"We Saidi, hii sufuria uliosha?"

Nikasema ukweli. (Wa kwanza mwaka huu.)

Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe unga wa zamani ulioshika pembeni ulikuwa mbegu! Fuwele mpya zimeota juu yake, hazikungoja kuanza upya.

Tukasuza unga, tukautia mu maji ya kisima, nikanawa na sabuni. Povu mpaka kwenye viwiko!

"Yaya, basi sitaosha tena."

"Hiyo moja, usioshe. Masahani yote ya nyumba, osha weye."

Munaoniita muvivu, jitokezeni hapa chini. Nitawajibu mikono ikikauka.