Kuku wa Kishungi wa Alphonse

Mwezi wa tisa mwaka 1992, Alphonse Kabongo aliingia kuishi ndani ya banda lake la kuku huko Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, Katanga. Alikuwa fundi wa mashine, mtu mrefu, na ilimbidi ainame ili kichwa kisiguse mabati. Upande mmoja kuku walilala juu ya mti uliolazwa. Upande wa pili, nyuma ya magunia ya makaa, mke wake Marceline alikuwa amemtandikia mkeka.

Alphonse alizaliwa Likasi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi viwandani, akafia hapahapa na kuzikwa hapahapa. Lakini mwaka ule vijana walipita wakiimba kwamba Wakasai warudi kwao. Nyumba za jirani zilichomwa. Watu walikimbilia gare, kituo cha treni, na vitanda vyao kichwani, wakalala nje wakingoja treni ambazo hazikuja.

"Minye siyue Kasai," Alphonse alimwambia mke wake. "Sijafikaka kule hata siku moja. Nitashuka kwa nani?"

Marceline alikuwa mtoto wa hapohapo Katanga, mama yake wa kijiji cha upande wa Kamatanda. Yeye hakuna aliyemfukuza. Basi waliwaambia watu kwamba Alphonse alishapanda treni, na Marceline akabaki peke yake nyumbani, anafagia ua wa parsela yao, anauza mayai mlangoni, huku mume wake akimsikiliza kutoka nyuma ya ukuta.

Kuku wenyewe walikuwa wa kishungi. Mama yake Marceline ndiye aliyewapa mbegu siku ya harusi. Walikuwa na manyoya mengi kichwani, meupe kwa meusi, yamefunika macho kama kofia iliyoshuka. Wakati wa kiangazi hawakuwa na shida. Lakini mvua zilipoanza, jua likawa linatoka mara tu baada ya mvua, na banda likawa kama sufuria yenye kifuniko. Alphonse alikuwa ameziba kila tundu kwa udongo ili asionekane. Kuku walikaa midomo wazi, wanatweta, mabawa yameachana na mwili. Asubuhi moja alimkuta tetea mkubwa amekufa kando ya mkeka wake. Kesho yake akafa mwingine.

"Ni ugonjwa," Marceline alisema, akimshika kuku mfu miguu.

"Hapana. Ni pumzi. Hata minye niko nakosa pumzi."

Alitaka kutoa matofali chini ya mabati, na mengine chini karibu na ardhi, hewa ipite. Marceline alimkatalia kwa hasira ya sauti ya chini, ile hasira waliyojifunza siku zile.

"Unataka bakuone? Sababu ya kuku?"

"Kuku zikikufa zote, utasema unaingia humu kufanya nini kila siku?"

Marceline akatazama bakuli la pumba alilokuja nalo. Chakula cha mumewe alikipitisha chini ya pumba za kuku. Banda lisilo na kuku lingemfichua Alphonse kuliko tundu lolote.

Matofali yakatoka. Marceline akatandaza nyasi juu ya mabati, akawaambia majirani kwamba anazuia jua. Alphonse naye, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine duniani, aliwatazama kuku mpaka akawajua. Aliona kwamba wanapokunywa kwenye sahani, kishungi kinazama majini, kinabaki kimelowa mchana kutwa, na macho yanaanza kutoa uchafu. Akachukua kopo la maziwa, akalikata mdomo mwembamba unaopitisha mdomo wa kuku tu. Aliwapunguzia manyoya yaliyoziba macho kwa mkasi wa mke wake. Wale waliokuwa na utitiri aliwapaka majivu makavu shingoni, akiyaepusha na macho. Maranda ya sakafuni yaliyolowa aliyakusanya kila asubuhi, Marceline akayatupa na kuleta makavu. Mahindi walipewa kungali na ubaridi, na tena jua likishuka. Mchana, ili chakula kisiwaongezee joto, walipewa maji tu, yaliyotoka mtungini.

Hawakufa tena. Lakini Alphonse mwenyewe hakupata nafuu. Kuna siku aliwachukia kuku wale kwa sababu Marceline aliwafungulia wakatoka kuchakura uani, yeye akabaki. Mgongo ulimuuma. Mvua ilipopiga mabati aliitumia kukohoa, maana kikohozi cha mwanaume hakikupaswa kusikika katika banda la mwanamke aliyeachwa. Na Marceline, aliyekuwa na uhuru wa kwenda sokoni, alirudi mbio kila mara. Hakuthubutu hata kwenda kumwona mama yake.

Alasiri moja, baada ya mvua, jirani yao Germaine alikuja kununua mayai. Marceline alikuwa ameingia ndani kuyachukua. Germaine alisimama karibu na banda kukwepa tope, akainama kumtazama jogoo kupitia tundu la chini. Akaona mikono. Mikono mikubwa ya mwanaume, inamfuta jogoo jicho kwa kitambaa.

Marceline alipotoka na mayai alimkuta amesimama palepale.

"Kuku yako iko na munganga muzuri," Germaine alisema.

Marceline akasogea kuliziba tundu kwa mwili wake.

"Minye sikuone kintu," Germaine aliendelea polepole. "Lakini nilisikia kwa mudogo wangu. Kesho bale vijana beko nakuya huku, banatafuta nyumba kwa nyumba. Mutu atoke leo, kungali jua. Bale beko naenda gare, banabaacha bapite."

Alphonse alisikia kila neno. Alitoka bila kungoja kuitwa. Jua lilimpiga machoni akashika ukuta. Miguu ilikuwa imesahau kunyooka. Akaoga, akavaa suruali iliyomning'inia. Alipogeuka alimwona Marceline akifunga nguo zake mwenyewe katika kitambaa.

"Weye unaenda wapi? Weye habakufukuze."

"Nilikuwa nafungwa humu pamoja na weye," Marceline alisema. "Nitabakia na nani?"

Walipita barabarani kati ya watu waliowazomea. Mmoja alimtemea Marceline mate, akimwita msaliti wa kabila lake mwenyewe. Gare walikaa majuma mengi chini ya kipande cha turubai, na joto la kule lilikuwa baya kuliko la banda, watoto wa watu wakizikwa kila mara. Germaine, aliyeachiwa kuku, alikuja na ugali wakati alipoweza. Alphonse alimweleza kupitia watu waliojaa katikati yao: "Mahindi usibape muchana. Na maji, ubadilishe."

Treni ilikuja, wakapata nafasi juu ya mizigo. Walishuka Mwene-Ditu, mji wa Kasai. Huko walimcheka Alphonse kwa Tshiluba chake kibovu, lugha ya kule, wakamwita Mkatanga, na alipata kazi ya kutengeneza mashine za kusaga unga. Binamu ya baba yake, aliyewapokea, aliwazawadia tetea wa kuanzia maisha. Marceline alimpika jioni ileile. Walimla mpaka mifupa; hakuna kati yao aliyetaka kujenga banda tena.