Kompyuta bubu ya Marselina

Kilosa nzima hakuna anayeijua kompyuta kama anayeandika habari hii. Anajua inapowashiwa. Inapozimiwa ndipo pana utata: aliyoiwasha mwaka jana katika ofisi moja aliiacha ikiunguruma, akaondoka kimya kimya, na hadi leo akifika mtaa ule hupita njia ya nyuma.

Kwa hiyo twende kwa fundi mwenyewe.

Ni saa nne asubuhi, Ijumaa, Magomeni ya hapa Kilosa. Marselina Ditram, mwenye umri wa miaka 38, amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba chake cha kulala. Kompyuta iko mbele yake, tumbo wazi. Ameuma mpini wa bisibisi, na ncha ya bisibisi ameigusisha kwenye chuma cha feni. Amefumba macho. Anasikiliza kwa meno.

"Sikio hudanganywa na kelele za nje," anasema akiitoa bisibisi mdomoni. "Jino halidanganywi. Feni hii inalia."

Anayeandika habari hii, aliyeketi kitandani, hasikii kitu. Anasikia mashine ya kusaga ya jirani, jogoo asiyejua saa, na mama mmoja anayegombana na mwanawe kuhusu ndala. Lakini meno yake ni machache, huenda ndiyo sababu.

Marselina anadondosha tone moja la mafuta ya cherehani katikati ya feni, anaiwasha tena, anauma tena. Uso wake haufunguki.

"Nina kesho tu," anasema. "Kesho isipokaa kimya, hakuna Jumamosi nyingine."

Kazi yake ni kutengeneza redio na kurekodi kwaya. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na yeye alikuwa karani kwenye shamba la mkonge hadi mwaka 1996, shamba lilipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Kiinua mgongo chake kikawa chuma cha kulehemu waya na meza. Redio moja humpatia shilingi elfu moja na mia tano. Kwaya hulipa elfu arobaini, ila kwaya zenyewe haziji kama mvua za masika.

Kompyuta aliinunua mwaka juzi, 2002, baada ya kuona stesheni za redio za watu binafsi zinachipuka Morogoro kama uyoga, na kila moja inataka nyimbo. Kazi yake ya kwanza ilirudishwa. Walisema nyuma ya waimbaji kuna mvua.

"Haikuwa mvua. Ilikuwa feni," anasema. "Ndani ya kompyuta mna vitu vinavyochemka. Usipovipepea vinaungua. Ukivipepea, upepo unavuma mpaka kwenye maiki. Kwaya ya ngoma na kinanda haijali, ngoma inafunika. Lakini mtu akiimba taratibu, unamsikia yeye na feni, wanaimba wawili."

Na anayekuja kesho anaimba taratibu kuliko wote.

Anaitwa Salome Wenceslaus, ana miaka 57, anaishi Ruhembe kwenye miwa, lakini alizaliwa juu milimani, Vidunda. Anajua nyimbo nane za kubembeleza watoto alizofundishwa na mama yake, na anasema hajakutana na mwingine anayezijua zote nane. Shingoni ana rovu lililokua miaka kumi na moja, na sasa linambana pumzi. Jumatatu atapasuliwa Morogoro.

Daktari hakumficha. Mshipa unaoendesha sauti umepita palepale penye kisu. Katika wagonjwa mia, wawili au watatu huamka na sauti imebadilika, au imekwenda moja kwa moja. Binti yake Elizabeti, aliyeolewa Mbeya, anatarajia mtoto wa kwanza mwezi wa kumi na mbili.

Mume wake, Mwalimu Nikolaus, alifundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja. Yeye haoni sababu ya hofu.

"Tisini na saba wanaamka salama," alimwambia mkewe mbele ya Marselina, siku walipokuja kuomba kurekodi. "Hiyo ni namba nzuri sana, mama Elizabeti."

"Nzuri kwa mia," Salome alijibu. "Mimi siyo mia, baba Elizabeti. Mimi ni mmoja."



Tangu siku hiyo Marselina hakulala vizuri. Jumanne alipanda gari hadi Mikumi, kwa Hussein, anayeuza kompyuta zilizotumika pembeni mwa barabara kuu. Hussein ni kijana wa maneno mengi, na duka lake ni kontena lenye joto la kuivisha ndizi.

"Dada Marse, karibu! Mzigo mpya huu. Umetoka Ulaya."

"Ulaya ipi? Hii niliyoipita asubuhi baada ya kutoka Kilosa?"

Wateja wakacheka, maana Ulaya yetu ni kijiji kilicho palepale njiani na hakijawahi kuuza kompyuta. Hussein akamwonyesha mashine yenye kasi kuliko zote. Marselina hakuigusa. Alitaka prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya zamani, ya polepole, kwa sababu ya polepole haipati joto sana na haihitaji upepo mwingi.

"Wenzako wananunua mbio, wewe unanunua kobe," Hussein alimtania.

"Umewahi kumsikia kobe akipita?"

Tabu ikawa kupima. Mikumi si mahali pa kusikiliza ukimya. Malori ya Zambia yanapita, yanafunga breki, yanapiga honi. Marselina akaomba chumba cha nyuma, jirani anamohifadhi magunia ya mpunga. Akajifungia humo na waya mrefu wa umeme, akajibanza katikati ya magunia, akaanza kuuma bisibisi. Hussein aligonga mlango mara tatu kuuliza kama yuko hai.

Alitoka baada ya saa mbili, nywele zimejaa makapi. Alichagua feni moja pana, kwa sababu pana hupeleka upepo uleule kwa mizunguko michache, wakati feni ndogo hukimbia kama panya na kulia kama panya. Alichagua pande zito la aluminiamu lenye mapezi, la kunyonya joto la prosesa. Alichagua pia diski, ile inayotunza kazi, baada ya kukataa nne.

Diski haifungwi kwa skrubu nyumbani kwake. Anaininginiza ndani ya sanduku kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kama mtoto kwenye mbeleko, ili mtetemo wake usifike kwenye bati.

Hayo yote yamefanyika. Na Ijumaa hii, saa nne asubuhi, feni bado inalia.

Jumamosi Salome na mumewe walifika saa nane mchana. Marselina alikuwa amemwomba jirani asimamishe mashine ya kusaga kwa saa moja. Magodoro yalisimamishwa kuzunguka maiki. Salome akaketishwa katikati kwenye mkeka, shingo imefunikwa kwa kanga.

"Shikamoo mama. Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Usinitazame hivyo, sijafa bado."

Mwalimu Nikolaus alikwenda moja kwa moja kwenye skrini, mahali sauti inapoonekana kama mstari. Akasogeza miwani.

"Mstari umenyooka. Kelele ni sifuri. Tuanze."

"Mwalimu, umenyooka kwa sababu skrini haiwezi kuonyesha kidogo kuliko hapo," Marselina alisema. "Mimi bado naisikia."

"Unasikia kitu ambacho kipimo hakikioni?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi kisayansi hakipo."

Sauti ya Salome ikatoka nyuma ya godoro: "Na maumivu yangu ya usiku, baba Elizabeti, uliyapima kwa rula gani ukayaamini?"

Mwalimu alikaa kwenye kigoda. Akasema, kama anayejisemea: "Nilifundisha kwamba kisichopimika hakijathibitika. Sikufundisha kwamba hakipo." Akafikiri. "Au nilifundisha? Sasa sina hakika."

Nyimbo saba zilikwenda vizuri. Kila baada ya wimbo Salome alikunywa maji ya vuguvugu, na kila mara alichelewa zaidi kurudisha kikombe. Sauti ilikuwa inachoka. Wimbo wa nane ndio aliouacha mwisho kwa makusudi; ndio mama yake aliomwimbia yeye. Unaimbwa kwa sauti iliyo juu kidogo ya pumzi.

"Nitauweza mara moja tu," alinong'ona.

Marselina akavaa vifaa vya masikioni, akamwomba ajaribu mstari mmoja. Alisikia pumzi, na ndani ya pumzi alisikia feni. Wanaimba wawili.

Alijua dawa yake, na aliiogopa. Unaweza kuchomoa feni kabisa. Kompyuta itakaa kimya kama kaburi, kisha itachemka na kujizima, na ikijizima katikati, wimbo unapotea. Alikuwa amejaribu Alhamisi: ilidumu dakika sita.

"Wimbo una dakika ngapi, mama?"

"Sijui. Haujawahi kupimwa."

"Nne," alikisia Mwalimu, akavua saa ya mkononi. "Nitahesabu."

Marselina akachomoa feni.

Hapo pakawa na ukimya ambao haukuwapo chumbani humo tangu nyumba ijengwe. Salome akafumba macho, akaanza. Marselina aliweka kidole kwenye pande la aluminiamu, maana hicho ndicho kipimajoto chake: kidole kikivumilia hadi hesabu ya tano, mashine iko salama. Mwalimu aliinua vidole. Dakika moja. Mbili. Tatu.

Dakika ya nne wimbo ulirudi mwanzo.

Mwalimu alimtazama Marselina. Marselina alitazama skrini. Dakika ya tano wimbo ukarudi tena mwanzo, mtamu uleule, na kidole hakikufika hesabu ya tatu. Wote wawili walikuwa wamesahau jambo ambalo kila aliyewahi kubeba mtoto mgongoni analijua: wimbo wa kubembeleza hauishi kwa beti. Unaishia pale mtoto anapolala. Na kwenye mkeka ule hapakuwa na mtoto.

Kusema hawawezi, maiki inasikia. Kupunga mikono haisaidii, Salome amefumba macho. Harufu ya vumbi linaloungua ilianza kutoka kwenye sanduku. Kidole kilifika hesabu ya kwanza tu.

Mwalimu Nikolaus akaweka saa chini. Akatambaa kwa magoti hadi kwenye mkeka, mtu mzima wa miaka sitini na mbili na suruali yake ya pasi, akalaza kichwa kwenye mapaja ya mkewe.

Salome hakufumbua macho. Mkono wake ulishuka wenyewe kwenye kipara, ukakipapasa. Akaimba mistari miwili zaidi, chini, chini zaidi, akanyamaza.

Marselina alibonyeza kitufe cha kuhifadhi, akahesabu hadi kumi, akarudisha feni. Kisha akatoka nje akalia kando ya pipa la maji.

Aliporudi, Mwalimu alikuwa ameshasimama na anafuta magoti.

"Nilitaka kusikia kama mngurumo unafika chini kule," alisema. "Haufiki."

"Asante kwa utafiti, Mwalimu," mkewe alimjibu.

Kabla ya kuondoka, Salome alishika mkononi kwa muda mrefu kanda ya kaseti ambayo Marselina alimnakilia nyimbo hizo. Akatoa amri moja: ifungwe kwenye nailoni, iwekwe sandukuni, isipigwe mpaka mtoto wa Elizabeti azaliwe au daktari aseme neno la mwisho.

"Kumsikiliza mtu kwenye redio, naye yuko chumba cha pili, ni kumzika mapema," alisema. "Umenisikia, baba Elizabeti?"

"Mimi nina haja gani na kanda? Utaamka unaimba. Tisini na saba kwa mia."

Upasuaji ulikwenda salama. Rovu limetoka, pumzi inapita. Wiki tatu sasa Salome yuko nyumbani Ruhembe, ananong'ona tu. Daktari anasema wangoje miezi mitatu. Mshipa unaweza kuamka, unaweza usiamke, na hakuna mashine itakayomwambia sasa hivi ni lipi kati ya hayo mawili. Ameulizwa mara nne. Amejibu mara nne vilevile.

Marselina naye anangoja. Mpango wake ni kuunda kompyuta isiyo na feni hata moja, kwa pande la aluminiamu kutoka injini ya lori bovu aliloliona Mikumi, ili mwezi wa kwanza amrekodi Salome tena, vyovyote atakavyokuwa.

"Sauti ikirudi, nitarekodi sauti. Ukibaki mnong'ono, nitarekodi mnong'ono," anasema. "Hapo mashine itabidi iwe kimya kuliko mimi mwenyewe."

Alikuwa bado anaeleza hayo, Jumatano iliyopita, mlango ulipobishwa. Aliingia Mwalimu Nikolaus na redio kaseti kwapani.

"Shikamoo Mwalimu. Mama anaendeleaje?"

"Marahaba. Ananong'ona. Redio hii imemeza kanda."

"Kanda gani?"

"Ya mafunzo ya kilimo. Mbegu bora za miwa."

Marselina alifungua mfuniko kwa bisibisi. Akauvuta utepe polepole, sentimita kwa sentimita, akaukunjua mikunjo kwa kucha. Kisha akaitoa kanda yenyewe, akaigeuza upande wa lebo. Maandishi yalikuwa ya mkono wake mwenyewe.

"Mbegu hii ya miwa inaitwa Salome, Mwalimu?"

Mwalimu akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati. "Nilikuwa nahakiki ubora. Mara moja tu. Mwanzo hadi mwisho, basi."

Marselina aliusogeza utepe kwenye mwanga wa dirisha. Sehemu yote ilikuwa inang'aa kama mpya, isipokuwa kipande kifupi cha mwisho, mistari miwili ile iliyoimbwa chini, chini zaidi, kilichochakaa hadi kuwa cheupe.

"Umeirudisha nyuma mara ngapi, Mwalimu?"

Mtu aliyehesabu wanafunzi, dakika na wagonjwa maisha yake yote alitazama sakafu.

"Sikuhesabu," alisema.