Nyoka Haina Matawi

Juzi, kwa masomo ya jioni hapa Kitale, mwalimu alituonyesha picha ya sayari ya Mars, imepigwa na chombo kinachoizunguka. Mistari ilijipinda kwa udongo mkavu, ikitoa matawi kama mti. "Nini ilichora hii?"

Nikakumbuka alasiri moja kwetu Chwele. Mvua ilikuwa imeisha, udongo ukinukia. Nikipelekea mama uji shambani, niliona mtaro wenye matawi umejipinda katikati ya mahindi, nikasimama nikalia.

"Mama, nyoka kubwa imepita!"

Mama alicheka mpaka akaegemea jembe. "Wee Nekesa, nyoka iko na matawi? Hiyo ni maji. Leta uji!"

Sikuwa nimewahi kuinua mkono darasani. Nikauinua. "Mwalimu, ni maji."

"Kabisa!"

Asante Mungu kwa mama yangu, ambaye hakuwahi kukalia dawati.