Pikipiki ya Baba na Kisu cha Mamluki

Hasira niliyokuwa nayo mwaka ule haikuwa ya pikipiki. Pikipiki ilikuwa na sababu yake. Sababu ya mzungu wa kukodiwa kunisimamisha kwenye barabara ya nchi yangu na kuniuliza naenda wapi, hiyo hadi leo sijaiona.

Pikipiki ilikuwa ya zamani, ya askari wa Kifaransa, aliyeitupa kule Mutsamudu, kisiwani kwa wazazi wangu, akaenda zake. Baba aliiokota mifupa mitupu akaiunda upya, mpaka ikanguruma. Kisha magoti yakamshinda, akaipakia kwenye jahazi la mizigo inifikie kisiwa cha pili, niende nayo kazini kutoka Vouvouni hadi Moroni. Mama naye hakukaa kimya. Alisema jicho la husuda humwingia mtu pale anapopatia riziki yake, basi akachukua Ayatul Kursiyyu iliyoandikwa kwenye karatasi, akaishona ndani ya kitambaa, akakipaka nta kisilowe mvua, akakifunga kwa kamba juu ya kifuniko cha tangi la petroli.

Ikawa kila asubuhi inakwenda vizuri, halafu inakohoa na kuzima, tena mbele ya kizuizi cha barabarani cha wale mamluki wa kizungu. Pale pale! Nilisafisha plagi. Nikasugua pointi. Nikafungua kabureta nikaipuliza hadi mashavu yakauma. Kila mara nilifungua pia kitambaa cha Mama na kifuniko nitazame kama petroli ipo, petroli ipo, nafunga tena kwa bismillahi, napiga kiki, inawaka. Nikasema, haya, leo nimeiweza kabureta. Kesho yake inazima palepale.

Yule mamluki, mwekundu kama pweza wa kuchemsha, alicheka siku za mwanzo. Baadaye akachoka kucheka. Akasema ikizima tena mbele ya kizuizi chake ataipeleka kambini ikavunjwe vipuri. Pikipiki ya baba yangu! Aliyeiunda kipande kwa kipande kwa mikono yake, na ambaye alikuwa amekwisha kutuma habari kwamba anakuja Moroni na Mama, apande nyuma yangu aisikie.

Ikazima. Akaja na kisu. Lakini macho yake yakaangukia kitambaa, akauliza nimeficha barua za nani humo. Nikamwambia ni dua. Akakata kamba, akapasua kitambaa, akaikunjua karatasi, akaitazama juu chini, akaitupa barabarani. Maneno ya Mungu, kwenye lami, chini ya buti lake! Niliyaokota, nikayabusu, nikayatia mfukoni. Kwa kukosa cha kufanya nikapiga kiki. Ikawaka. Akanipungia mkono niondoke.

Nilifika Moroni haikuzima. Nikapita soko la Volo Volo, nikarudi Vouvouni, haikuzima. Nyumbani nikakitazama kile kifuniko kitupu: katikati kina kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Kitambaa chenye nta kilikuwa kimekiziba, petroli inashindwa kushuka, na mimi kila nilipofungua kutazama nilikuwa naipa pumzi bila kujua. Nilitukana peke yangu hadi jirani akachungulia. Katika watu wote wa visiwa hivi, aiponye yule mamluki!

Kesho yake alinisubiri kizuizini. "Nimekutengenezea," akasema, akajigonga kifua. Alitaka ahsante. Nikatia moto, nikaondoka, akala moshi.

Baba na Mama wakaja. Baba alipanda nyuma, tukaenda mpaka mjini na kurudi, naye ananipigapiga bega kwa furaha. Habari za kuzimazima nilikuwa nimemwandikia, basi aliposhuka akauliza, "Nani aliugundua ugonjwa wake?"

Nikainama nikafuta vumbi kwenye tangi. Mama akaiona ile karatasi, nimeifunga upya kwenye usukani.

"Kwani mnauliza nini?" akasema. "Si hirizi yangu?"

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ni hirizi yako tu."

Ningempa sifa hata mbuzi wa jirani kabla ya kumpa yule mtu.