Mikorosho Mitatu Niliyoiacha Nje ya Fomu

Mume wa bosi alipohamishiwa Dodoma, bosi alimfuata, akakirudisha chumba cha ofisi kwa mwenye nyumba. Akasema biashara haifi, inahamia kwenye simu. Tulikuwa watatu tu tunaouza na kupangisha nyumba na viwanja: yeye, mimi karani wake, na dalali mmoja mtu mzima tuliyemwita mjomba, ambaye kazi yake ilikuwa kwenda kwa miguu kuvikagua viwanja. Kuihamisha ofisi akanipa mimi.

"Si wewe unajua simu?"

Nikasema ndiyo. Mpaka leo sijui kama nilikuwa najua, au nilikuwa najua kuwazidi wao wawili tu.

Siku nne nilipiga picha mafaili, karatasi moja moja, nimepiga magoti sakafuni. Siku ya tano kabati la chuma likaja kwangu, mtaa wa Rahaleo, kwa mkokoteni, likaingia chumbani, na tangu hapo mlango haufunguki wote. Nikatandika mkeka, nikaanza kazi. Mama mkwe, tunayeishi naye, akapita mara tatu.

"Wamekufukuza?"

"Hapana mama, nipo kazini."

"Kazini hapo?"

"Hapahapa."

"Basi ukiwa kazini hapo, nitazamie maharage."

Simlaumu. Mtu aliyekaa mkekani anaminyaminya simu, hata mimi ningemwachia maharage. Lakini nilikuwa sikai. Mtandao ukikatika natoka uani, ukirudi narudi ndani, nikisikia mlio naruka, kumbe ni simu ya jirani. Ofisini nilikuwa najua saa ya kufunga mlango. Nyumbani sikujua kazi inaishia wapi, na moyo ulikuwa kama wa mtu anayechelewa mahali.

Bosi alitutengenezea fomu ya kujaza kwenye simu: mahali, ukubwa, bei, umbali kutoka barabarani, umeme, maji, picha. Fomu ilikuwa nzuri, nasema kweli. Akampa mjomba mwezi mmoja aizoee. Akishindwa, atatafutwa mtu mwingine. Mjomba hakuwa na kazi nyingine, na kwa umri wake asingeipata.

Kuandika hakutaka. Kwenye kundi letu la simu hakusema neno. "Naona haya, mwanangu, ni kama kusimama kusema mbele ya watu." Tukakubaliana kimyakimya: yeye anitumie sauti mimi peke yangu, mimi nijaze fomu kwa jina lake. Bosi alijua nusu ya jambo hili. Nusu nyingine, kwamba fomu zote nazijaza mimi, sikumwambia.

Ndipo likaja shamba moja mbele ya Naliendele. Mjomba alinitumia sauti ya dakika kumi na moja. Alianza kwa salamu, akamuulizia mama mkwe, akalalamikia upepo, akaeleza njia. Halafu akasema: "Humu mna mikorosho mitatu, si ya huyu anayeuza. Ardhi yake, miti ya shangazi yake, aliipanda mwenyewe. Mnunuzi aambiwe kabla."

Kwetu hilo si ajabu. Ardhi inaweza kuwa ya mmoja na mti juu yake ukawa wa mwingine, na watu wakaishi vizuri. Nilisikia, sitasema sikusikia. Nilitazama fomu, sikuona mahali pa kuandika miti ya mtu. Nikajisemea, si itasemwa mnunuzi akija? Maana ndivyo ilivyokuwa siku zote: mnunuzi anafika, mjomba anasimama naye shambani, anamwonyesha kwa kidole. Mambo ya namna hii hayakuwahi kuwamo kwenye faili lolote. Nilipiga picha kila karatasi ya ofisi, nikadhani nimeihamisha ofisi yote.

Mnunuzi huyu hakufika. Alinunua kwa picha, akatuma watu wenye msumeno wa mashine.

Waliangusha miwili. Wa tatu ulipona kwa sababu shangazi alifika, akakaa shinani, akawaambia waanze na yeye.

Jioni ile bosi aliandika kwenye kundi: "Mjomba, kwa nini hukusema kuna miti ya watu? Mimi nimeaibika. Mwezi huu ukiisha, tuachane kwa heri."

Nilisoma nimesimama. Nikaitafuta ile sauti, nikaisikiliza upya ili nimtumie bosi kama ushahidi. Ilikuwa na yote. Ila dakika ya nane mjomba alikuwa ameongeza: "Na huyu mama naye! Ofisi kaiweka hewani kama kunguru asiye na tawi, sisi huku chini tunakimbiza kivuli." Kisha akacheka hadi akakohoa.

Sauti ile ingemtoa kwenye kosa moja na kumtia kwenye jingine, na kuikata kipande sikujua. Hata ningejua, sidhani kama ingekuwa haki. Nikavaa kandambili nikaenda kwa mjomba. Alikuwa anamenya muhogo.

"Nitamwambia bosi ni mimi niliyeiacha mikorosho nje," nikasema.

"Atakuamini bure tu?"

"Sauti ninayo. Lakini yumo na kunguru."

"Nilisema kunguru?"

"Ulisema."

"Nikacheka?"

"Ulicheka sana, mjomba."

Akamenya muhogo mmoja, akaanza wa pili. "Tuma. Nikifukuzwa kwa kunguru, halali yangu, nilimsema mtu asiyekuwapo. Kwa mikorosho hapana."

Nikaandika palepale kizingitini: mjomba alisema, mimi sikuandika. Nikaongeza kwamba fomu haikuwa na nafasi ya miti. Nikafuta, nikaona najitetea. Nikarudisha, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nikatuma pamoja na sauti.

Nikarudi nyumbani. Nilipika nikaunguza. Mama mkwe akaniambia mtu aliye kazini namna hii afadhali awe hana kazi.

Asubuhi bosi akapiga. "Kunguru amesikia," akasema. Sikujua kama anacheka. Akaendelea, "Mlikuwa mnanificha, wewe na yeye. Sasa nendeni kwa huyo shangazi, wote wawili. Akisema mjomba alifika kwake kabla ya kuuza akaiulizia miti, abaki. Akikana, mimi sina la kufanya."

Nilimwona ana haki. Sauti niliyomtumia haikuonyesha ilisemwa lini; mimi pia nisingejua nimwamini nani.

Tulikwenda kwa bodaboda mbili. Mikorosho miwili imelala na maua yake, majani bado ya manjano kwa salfa, dawa ya ukungu, aliyokuwa ameipulizia shangazi. Gharama yake, na kifua alichokikohoza kwa vumbi la dawa, vyote vilikuwa pale chini. Shangazi alikuwa amekalia gogo. Mjomba akamwamkia, akavua kofia. Nikampigia bosi, nikamwekea mama yule simu karibu na mdomo.

"Huyu mwanamume alikuja," shangazi akaiambia simu, kwa sauti ya kuitia ng'ambo ya bonde. "Nikamwambia mitatu, akaihesabu kwa kuishika. Kosa si lake. Mtu wako aliyekosa ndiye huyu aliyenishikia simu, namwona anakwepa kunitazama."

Bosi akamwomba radhi, akasema atakuja mwenyewe wakae na mnunuzi. Kisha akasema, na sote tulisikia, "Mjomba, endelea na kazi yako." Mjomba akairudisha kofia kichwani.

Nilitegemea nitapumua. Sikupumua. Shangazi alikuwa ananitazama.

"Umesoma wewe?"

"Kidato cha nne, mama."

"Basi andika."

Nikafungua fomu. Chini kabisa bosi alikuwa ameshaongeza mstari mmoja asubuhi ile: mali ya watu wengine. Nikaandika, mkorosho mmoja, wa shangazi wa muuzaji. Nikamsomea.

"Kwa nini mmoja?"

"Ndio uliosimama, mama."

"Nilipanda mitatu. Andika mitatu, halafu andika miwili imefanywa nini."

Nikaandika nimesimama, kwa kuwa hakuniambia nikae.