Nguo Ndefu za Haboba

Mwaka ule haboba aligombana na fundi cherehani mara tatu, na mara zote kwa sababu moja: nguo ilikuwa ndefu mno. Haboba ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, na wangu hakuwa mtu wa kunyamazia jambo.

"Hii umemshonea nani? Mnara wa msikiti?" alimuuliza, pindo likiburuzika kwenye vumbi la mtaa wetu wa Kyebando, Kampala.

Fundi, askari mstaafu mwenye adabu nyingi, alimfungulia daftari lake. "Dada, kipimo ni kilekile cha miaka yote. Labda kitambaa kimekua."

"Kitambaa si mtoto!"

Sote tulicheka. Hakuna aliyewaza kwamba kitambaa kilikuwa vilevile, ila haboba ndiye aliyepungua.

Wiki saba kabla ya harusi ya dada yangu, aliinama kuinua beseni la unga uliokorogwa wa kisra, ile mikate yetu myembamba kama karatasi. Alisikia kitu kikilia mgongoni kama kijiti kikavu. Aliketi palepale chini, akashindwa kunyanyuka.

Nilikuwa mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi. Nilipofika nyumbani nilimkuta amelazwa kifudifudi, na mjukuu wake mdogo ameshavuliwa viatu ili amkanyage mgongo. Ndiyo dawa yetu ya mgongo tangu zamani, na kwa uchovu wa kawaida inastarehesha kweli. Niliwaomba waache, huenda mfupa umevunjika.

"Amekunja mashuka ya hospitali miaka miwili, sasa ni daktari," shangazi alisema.

"Mwacheni aseme," haboba akaguna kutoka kwenye mkeka. "Mgongo ni wangu."

Tulimpeleka hospitali nyuma ya pikapu ya jirani, amelazwa juu ya magodoro mawili. Daktari aliinua picha ya mifupa kwenye mwanga wa dirisha, akatuonyesha. Pingili za mgongo hupangana kama matofali. Ndani yake mfupa una vitundu vidogo kama mkate, na mwanamke akishaacha kupata hedhi, vitundu hivyo huweza kupanuka mwaka hadi mwaka bila yeye kuhisi chochote. Siku moja anainama tu, au anakohoa, na tofali moja linabonyea kwa mbele. Haboba alikuwa na moja lililobonyea siku ile. Juu yake yalikuwepo mengine mawili, ya zamani.

"Ya zamani?" aliuliza.

"Hukuumwa mgongo miaka ya nyuma, mama?"

"Niliumwa. Nilidhani ni uzee."

Wengi hudhani hivyo, ndiyo maana naeleza jambo hili taratibu. Kisha nikaona uso wa haboba ukibadilika. Alishika mbavu kwa maumivu, huku akicheka. "Maskini fundi wa watu! Nimemtukana bure."

Fundi alisamehe siku hiyohiyo, akapunguza nguo zote kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Lakini siku zilizofuata zilikuwa nzito. Haboba alisali akiwa ameketi. Hakuweza kuvaa viatu wala kujiogesha, na kuogeshwa na wajukuu kulimuuma kuliko mgongo wenyewe. Zaidi ya yote, ilikuwa inakaribia doluka, ngoma yetu ya harusi. Katika ukoo wetu bibi wa bibi harusi ndiye anayeingia duarani kwanza. Asipoingia, wanawake wengine hubaki wamesimama pembeni. Shangazi alitaka harusi iahirishwe. Haikuwezekana: bwana harusi alikuwa polisi, na miaka ile polisi angeweza kuhamishwa kaskazini kabla chai haijapoa.

"Nitaingia," haboba alisema. "Nifundishe."

Daktari alikuwa amekataza mambo matatu: kuinama, kubeba, na kulala kutwa. Basi nikamfundisha kugeuka ubavu kwanza, mwili mzima pamoja kama gogo, kisha kushusha miguu na kujisukuma kwa mkono. Wiki ya kwanza tulifika mlangoni. Wiki ya tatu tulifika kwa jirani, naye akatupa chai isiyo na sukari na kuomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeimaliza sukari ya Kampala nzima. Wiki ya tano nilimkuta ameshika fremu ya mlango, miguu ikiburura hatua ndogondogo za doluka, mgongo wima.

"Usimwambie shangazi yako," alisema.

Harusi ilifanyika mchana, kama harusi zote za wakati ule, ili watu wawahi makwao jua likiwapo, maana usiku barabara hazikuwa salama. Ngoma ilipolia, haboba aliingia peke yake. Hatua moja, mbili, tano. Ya sita haikuja. Alisimama katikati, jasho kwenye midomo, macho yakinitafuta. Nilianza kwenda kumshika.

Shangazi alinitangulia. Hakumgusa. Alianza kucheza kumzunguka, taratibu, na wanawake wote wakamfuata, duara likisogea hadi likawa karibu naye. Kwa desturi bibi ndiye huzunguka, duara likiwa limetulia. Siku ile duara lilimzunguka bibi, naye akajibu kwa mabega tu, kidevu juu, vigelegele vikifunika ngoma.

"Polepole nyinyi!" alipaza sauti. "Mnanitia kizunguzungu!"

Hakuna aliyepunguza mwendo.